Muthoni wa Iveti Rangers

Jumanne, tarehe 28 Januari 2025. Jua lilianza kuchoma mapema, na upepo mkavu ulishuka kutoka vilima vya Iveti ukibeba vumbi, ukalimwaga juu ya magunia ya maharagwe na ndengu yaliyokuwa wazi mbele ya maduka ya Mumbuni.

Nzau Mutuku alikuwa ameketi nje ya duka lake la nafaka, kitambaa begani, simu mkononi, akiomba isilie. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na saba alikuwa meneja wa timu ya Iveti Rangers, kazi ambayo ukiitaja kwa mtu wa mbali anadhani unavaa suti. Nzau ndiye aliyetafuta basi la kusafiria na kumbembeleza mwenye basi malipo yalipochelewa. Ndiye aliyenunua vitunguu vya kambi. Ndiye aliyesimama mlangoni kwa mama wa mchezaji, kofia mkononi, kueleza kwa nini mshahara haujafika. Zamani alikuwa beki wa kushoto wa timu hiyo hiyo. Goti lilimstaafisha, lakini miguu haikuwahi kujifunza mahali pengine pa kwenda siku ya Jumamosi.

Simu ikalia.

"Ni mwenye basi," akasema, bila kuipokea.

"Si upokee umwambie ukweli," mkewe Kamanthe akamjibu kutoka ndani, alikokuwa akipepeta mahindi.

"Ukweli anaujua. Ndiyo maana anapiga."

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Wachezaji hawakuwa wamelipwa tangu Novemba. Mechi mbili za ugenini Rangers walizikosa kwa sababu ya nauli, na kanuni ya ligi haikuwa na huruma: timu ikikosa ya tatu inafutwa. Ya tatu ilikuwa Jumamosi hiyo, Kakamega, na mwenye basi alikuwa ameapa kwamba safari hii hatawasha injini kabla ya kuona pesa. Klabu ilikuwa imebaki na kitu kimoja tu ambacho mtu angekubali kukinunua, nacho ni Kyalo.

Kyalo alikuwa mshambuliaji, miaka ishirini na mmoja, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Klabu kubwa ya Nairobi ilikuwa inamtaka. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa usiku huo. Baada ya hapo hata angefunga mabao kwa kichwa akiwa amelala, hakuna ambaye angeweza kumnunua hadi msimu uishe, na msimu ukiisha Rangers wangekuwa hadithi ya watu waliokaa kwenye vibanda vya chai.

Nzau akainuka polepole, akapangusa viatu kwa kile kitambaa, akaenda kuuza mchezaji wake bora.

Walikutana saa nne katika hoteli moja karibu na uwanja. Mwenyekiti wa klabu, Abdisalan, alikuwa amefika kwanza. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwenye zizi kubwa upande wa Katelembo, na kwa miaka minane ilikuwa ni mbuzi wake waliolisha wachezaji, kuwavisha na kuwasafirisha. Siku hizi alikuwa akizungumza juu ya mpira kama mtu anavyozungumza juu ya shemeji mlevi. Mbele yake aliketi Mike, wakala kutoka Nairobi, kijana wa viatu vyeupe na simu mbili.

"Laki nane," Mike akaanza. "Ni ofa safi, mzee. Kwa ligi yenu hii, hakuna mtu atawapa hivyo."

"Lini?" Nzau akauliza.

"Unasema?"

"Sijauliza ngapi. Nauliza lini."

Abdisalan akacheka ndani ya kikombe cha chai.

"Ah, hiyo tunalipa kidogo kidogo," Mike akasema. "Ya kwanza inaingia baada ya siku tisini, halafu—"

"Baada ya siku tisini hakuna timu. Utamlipa nani? Utakuja kuziweka juu ya kaburi?"

"Mzee, hizi vitu ziko na utaratibu."

"Hata njaa iko na utaratibu," akasema Abdisalan. "Inaanza na wachezaji, halafu inakuja kwa mwenyekiti. Weka nusu leo."

Mike akatoka nje kupiga simu, akarudi, akatoka tena. Nzau aliketi akitazama nzi anayezunguka bakuli la sukari. Kulikuwa na wakati ambapo mazungumzo kama haya yalimpandisha damu. Alikuwa akipanga maneno kitandani, anajibu mwenyewe, mpaka Kamanthe anamwambia azime taa. Sasa alijua mapema kila mtu atasema nini, naye mwenyewe atasema nini, akatamani wote wayaruke hayo wafike mwisho.

Walifika mwisho adhuhuri. Nusu ingelipwa leo, mara tu baada ya sahihi. Nusu nyingine ingekuja msimu ukiisha. Na kama Kyalo angeuzwa tena, nje ya nchi, Rangers wangepata fungu.

"Asilimia kumi na tano," Abdisalan akadai.

"Kumi, mwenyekiti. Tafadhali. Huyu si ng'ombe."

"Angekuwa ng'ombe singekuwa nakuuliza. Ningeshajua bei."

Ikawa kumi. Wakamwita Kyalo, aliyekuwa akingoja nje chini ya paa la duka la simu. Akaketi, akachukua karatasi ya kwanza, ile ya kuachana na Rangers, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akaweka kalamu mezani, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Hii siwezi kuweka sahihi."

"Kwa nini?" Mike akauliza. "Ni mshahara? Ile yako tulimaliza jana, buda."

"Si mshahara. Ni hapa." Akaonyesha. "Imeandikwa mchezaji ameomba kuondoka kwa hiari yake."

"Hiyo ni kawaida. Uko na mkataba bado, mwaka na nusu. Klabu ikikukataa wewe, lazima ikulipe mshahara ya hiyo miezi yote. Kwa hivyo tunaandika ni wewe umeomba, hakuna mtu anadai mwingine, kila mtu anaenda nyumbani."

"Naelewa. Lakini Susu amekataa."

"Susu ni nani tena?"

"Ni nyanya yangu. Ndiye alinilea."

"Na nyanya anajua nini na mkataba?"

"Hii hajui," Kyalo akasema. "Anajua ile ya kwanza. Ile ya mbuzi." Akamtazama Nzau, kisha akainamisha macho. "Anasema nyinyi mlinioa. Na mimi nikisema ni mimi nimetoka, nitakuwa nimemmaliza."

Mike akacheka mpaka chai ikampalia. Alipoona anacheka peke yake, akafuta shati.

Nzau hakucheka. Alikuwa kama mtu aliyekumbuka akiwa mbali kwamba aliacha jiko linawaka.

Mambo yalitokea Julai 2023. Kyalo alikuwa na miaka kumi na tisa, akichezea timu ya mtaa huko Kangundo, akivaa viatu vilivyomzidi miguu na kufunga mabao navyo vivyo hivyo. Nzau alimwona mara moja, akarudi mjini akisema mwenyewe njiani. Alimwahidi nyanya yake pesa kidogo za kusaini. Siku ilipofika, pesa hazikuwapo. Abdisalan alisema zake zote zilikuwa zinatembea kwa miguu minne zikitoka Garissa, lakini hakuna haja ya kupoteza mchezaji: achukue mbuzi wanne, thamani ni ile ile, bibi atafurahi.

Wanne. Nzau angeweza kuapa juu ya hilo popote. Walipofika Kathiani gari la Abdisalan likaishiwa mafuta, na hakuna aliyekuwa na kitu mfukoni, basi wakamuuza mbuzi mmoja hapo hapo kando ya barabara, wakaweka mafuta, wakaendelea. Wakaingia bomani kwa bibi na mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, kama watu walioagizwa.

Mtoto mdogo wa Kikamba angejua. Mbuzi watatu ni ntheo. Ndio wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana kuonyesha kwamba ameposwa kwa dhati, na bila hao hata mtu alipe ng'ombe zizi zima, mke si wake. Nzau mwenyewe alipeleka ntheo kwa kina Kamanthe, akiwa na viatu vya kuazima. Lakini siku hiyo ya Kangundo alikuwa na haraka ya sahihi, na goti lilikuwa linamuuma. Wanawake walipopiga vigelegele akadhani ni furaha. Jirani mmoja aliposema, "Leo mmeoa!" akacheka na wengine, akajibu kwa sauti kubwa, "Tumeoa!" Na bibi yule, Mwongeli, tangu siku hiyo alimwita muthoni, yaani mkwe. Kila alipopiga simu: "Muthoni, mtoto anakula?" Nzau alidhani ni utani wa bibi mzee. Alipokwenda kumtembelea, bibi alimsalimia kutoka mlangoni, khanga kichwani, bila kumpa mkono wala kula mbele yake. Alidhani ni maringo. Kumbe alikuwa anamstahi, kama mkwe anavyostahiwa.

"Kwa hivyo tunafanya nini?" Mike akauliza, akitazama saa.

"Tunaenda Kangundo," Nzau akasema. Akainuka kwa kushika meza. "Na mbuzi."

"Mbuzi tena?" Abdisalan akauliza.

"Mmoja. Ntheo ikivunjwa na mume, mume anapeleka mbuzi wa kukataa. Anasema mbele ya watu kwamba amekataa, basi imeisha."

"Warya, wewe, hebu ngoja. Mimi nilitoa mbuzi nne kuoa. Sasa natoa nyingine kuacha. Hii ndoa nimepata nini ndani?"

"Mabao kumi na tisa."

Abdisalan akafikiri. "Nitakupatia ile ya pembe moja," akasema.

Walipitia Mumbuni, Nzau akachukue koti. Kamanthe alisikiliza habari yote akiwa ameegemea gunia, mikono kiunoni, kisha akapiga kofi moja.

"Wewe Nzau! Kwangu ulikuja na mbuzi tatu, ukasahau?"

"Sikusahau. Nilikuwa nimechoka."

"Ulikuwa umechoka ukaoa mvulana."

Abdisalan alilicheka hilo mpaka walipopita Mitaboni. Mbuzi wa pembe moja alikuwa nyuma ya pikapu pamoja na Kyalo, aliyekataa kuketi mbele. Kila gari lilipopunguza mwendo Nzau aligeuka akawaona kupitia kioo, kijana amemshika mbuzi shingoni asiyumbe, wote wawili wakitazama njia waliyotoka.

Lakini Abdisalan alipomaliza kucheka, akawa mtu wa biashara.

"Nzau, sikiliza. Ukisimama pale na kusema klabu imekataa Kyalo, umeharibu karatasi. Mike huyu hapa ameeleza. Klabu ikikataa, inalipa. Mwaka na nusu ya mshahara. Bibi ataita watu, si ndio? Hao ni mashahidi. Kesho mtu mjanja anamwambia Kyalo, wewe, nenda kwa wakili. Nitauza hii gari, nami mwenyewe ndani yake, bado haitatosha."

"Mwenyekiti anasema kweli," Mike akaongeza. "Kwa mdomo pia inahesabika, kukiwa na watu."

"Na Kyalo akisema ni yeye ameondoka," akauliza Nzau, "nini kinatokea kwa bibi?"

Hawakujua. Yeye mwenyewe, swali likiwa bado kinywani, ndipo alipolijua jibu. Mke akimwacha mume kwa hiari yake, mbuzi wanarudishwa. Wanarudishwa pamoja na watoto wote waliowazaa.

Akageuka mbele, akaitazama barabara hadi Kangundo.

Boma la Mwongeli lilikuwa juu, katikati ya migomba na mikahawa iliyozeeka. Bibi alikuwa mlangoni, khanga kichwani. Watu walikuwa wameshafika. Kyalo alikuwa amepiga simu njiani. Ami yake mmoja alikuwa kwenye benchi na jirani Kalondu, mwanamke mnene wa sauti kubwa, ndiye yule aliyesema "Leo mmeoa."

"Muthoni, mmefika?" Mwongeli akauliza, macho pembeni.

"Tumefika, Susu."

"Na huyo wa viatu vyeupe ni nani?" akauliza Kalondu. "Ndiye bwana mpya?"

Mike akatazama viatu vyake, ambavyo havikuwa vyeupe tena.

Nzau hakuketi. Alitembea mpaka kwenye banda la mbuzi nyuma ya jiko, akachungulia. Kulikuwa na jike mmoja tu, mzee, akitafuna ganda la ndizi. Kamba tano au sita zilikuwa zimening'inia kwenye mti, tupu, ncha zake zimekauka.

Bibi alikuwa amemfuata kwa macho. Nzau akarudi.

"Wengine waliuzwa," Mwongeli akasema, haraka, kana kwamba ameulizwa kwa ukali. "Walizaa vizuri, hata mapacha. Lakini Kasiva, dada yake huyu, aliitwa chuo cha uuguzi, na chuo hakingoji. Niliuza mmoja, halafu mwingine. Nilijua mtoto yuko kwenu, ameolewa vizuri, hatatoka. Sasa nasikia anatoka. Nitawapatia nini mkija na kamba? Nimekaa hapa wiki mbili silali, nahesabu mbuzi ambao sina."

"Susu, mimi nilikwambia hawatakuja," Kyalo akasema.

"Wewe ulizaliwa jana."

Nzau alisimama katikati ya uwanja wa boma, jua la saa tisa likimpiga kisogoni. Wiki mbili. Yeye naye alikuwa hajalala wiki hizo mbili, akihesabu nauli ya Kakamega. Mjini, tangu Nairobi ianze kumtaka, walikuwa wamesema kijana ana tamaa, wakala fulani amemharibu kichwa, bibi anataka kuongezwa pesa. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mwanamke mzee amekaa mlangoni akiogopa kamba.

Ingekuwa rahisi kumwambia hatuwadai mbuzi, tulia. Alijaribu.

"Susu, hao mbuzi hatuwataki."

"Unasema tu," Mwongeli akajibu. "Hata mume wangu alikuwa anasema tu. Kama mnakataa, kataeni kama watu."

Abdisalan akamvuta Nzau mkono wa koti. "Usiseme," akanong'ona. "Nzau, nakuomba. Tafuta maneno mengine."

Nzau akamtazama Kyalo. Kijana alikuwa amemshika yule mbuzi wa pembe moja, anamkuna sikio. Akamkumbuka mvuani, Kakamega hiyo hiyo mwaka uliopita, akibeba mfuko wa mipira juu ya kichwa kwa sababu mtunza vifaa alikuwa na homa. Hakuwa ametumwa.

"Leta huyo," Nzau akasema.

Akaichukua kamba. Akavua kofia.

"Mimi ni Nzau Mutuku. Nilileta mbuzi watatu kwa boma hili. Nimerudi, na mbuzi wa kukataa. Sisi Iveti Rangers..."

Akakwama.

"Sauti!" Kalondu akapaza. "Siku ya kuoa ulisikika mpaka Tala!"

Watu wakacheka kidogo. Nzau akapaza sauti.

"Sisi Iveti Rangers tumemkataa Kyalo. Hatumtaki tena. Si yeye aliyetoka, ni sisi tumemwacha. Mbuzi walioletwa na wale waliozaliwa, hatuwadai, wala watoto wetu hawatawadai. Imeisha."

Katika miaka kumi na saba alikuwa amesema uongo mwingi kwa ajili ya timu ile. Aliwaambia wachezaji pesa ziko njiani. Aliwaambia wenye hoteli hundi imeshaandikwa. Hakuna uliowahi kuwa mgumu kutamka kama huu. Aliposema "hatumtaki tena," Kyalo aliinamisha kichwa na mabega yakashuka, kama mtu aliyebadilishwa uwanjani kabla ya nusu saa, ingawa alijua vizuri, kuliko wote, kwamba si kweli.

Mwongeli akaja mbele. Akapokea kamba, na kwa mara ya kwanza akampa Nzau mkono, mkono mkavu na mwepesi, kwa maana sasa hakuwa mkwe wake tena.

"Sasa keti ule," akasema. "Umekonda sana, wewe."

Mike aliibadilisha karatasi kwenye simu yake, akaenda kuichapisha sokoni Kangundo kwa bodaboda, akarudi vumbi mpaka nyusi. Mstari ule sasa ulisema kwamba pande zote mbili zimekubaliana kuachana na hakuna anayemdai mwenzake. Kyalo akausoma kwa kidole. Akamtafsiria nyanya yake kwa Kikamba.

"Hiyo ni ya Nairobi," Mwongeli akasema. "Yangu nimesikia kwa masikio. Weka mkono."

Abdisalan alikuwa hajatulia. "Kijana," akasema, "hapa umesikia maneno, na kuna watu. Ukitaka kutushtaki unaweza. Nakwambia mapema ili usiseme nilikuficha."

Kyalo alikuwa ameshaanza kuandika jina lake. Hakuinua kichwa.

"Kwa mbuzi ya pembe moja, mwenyekiti? Hakimu atatufukuza sote."

Hapo hata bibi alicheka, ameziba mdomo kwa khanga.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mike alipopata mtandao mzuri kule juu ya kilima, akatuma kila kitu, akasubiri, akatuma tena ukurasa mmoja uliogoma, kisha akainua kidole gumba. Baada ya dakika chache simu ya Abdisalan ikalia mara moja. Pesa zilikuwa zimeingia katika akaunti ya klabu. Abdisalan akaitazama simu kama mtu anayetazama mgeni ambaye hatalala. Papo hapo akamtumia mwenye basi. Kisha wakagawana kazi ya kuwatumia wachezaji, Nzau akisoma majina kutoka kichwani, golikipa kwanza, mpaka zilipobaki za vitunguu.

Kyalo aliwasindikiza hadi kwenye pikapu. Angelala kwa nyanya yake, aende Nairobi asubuhi.

"Ile yako ya Novemba nimeweka," Nzau akamwambia. "Na ya Desemba."

"Nimeona. Asante, meneja."

Wakasimama. Mbali kidogo Kalondu alikuwa akimweleza Mike bei ya parachichi.

"Ulisema vizuri sana," Kyalo akasema. "Karibu niamini."

"Yalikuwa ya mdomo tu, mwanangu."

"Najua. Lakini yalisikika."

Nzau akamshika bega, akapanda gari. Njia nzima Abdisalan aliimba kwa sauti ya chini, akihesabu kwa vidole juu ya usukani: Jumamosi tutafika Kakamega, hiyo ni sawa, nani atafunga bao, hiyo sijui. Nzau aliegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho, akamwacha ahesabu.

Jumatano asubuhi upepo ulikuwa umetulia. Nzau alifungua mfuko wa jezi, akaitoa namba tisa, akaifua mwenyewe kwenye beseni nyuma ya duka, akaikamua, akaianika kwenye waya.

"Ya nani hiyo?" Kamanthe akauliza.

"Ya atakayekuja."

Hata maji hayajaacha kudondoka, simu ikalia. Alikuwa Abdisalan.

"Warya, umeamka? Kuna kijana hapa Katelembo, anapiga na miguu yote. Nimemwona jana mimi mwenyewe kwa video. Baba yake anataka kitu kidogo tu. Pesa unajua imeisha, lakini mbuzi niko nao. Gari inatoka saa hii. Niweke ngapi?"

"Usiweke."

"Mbili tu?"

"Mwenyekiti, usiweke hata mkia."

Akakata simu. Akaingia dukani, akasimama mbele ya vifurushi vya ndengu alivyokuwa amefunga Jumapili, akavitazama kwa muda.

"Kamanthe. Ndengu ikipelekwa kwa mtu, ina maana gani?"

"Ndengu ni ndengu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Lakini usipeleke tatu."

Nzau akabeba kifurushi kimoja begani, akavaa kofia, akashuka kwenda barabarani kutafuta gari la Katelembo.